Kisigino si cha wazee, washikaji!

Kama wiki imekubana, pole sana, ndiyo mjini hapa, kila mtu anasukuma la kwake. Mimi nipo, nadunda, ila leo sina zile stori zangu za mapenzi ya kwenye daladala. Leo nina jambo moja dogo, tena dogo kweli: kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja. Kipande hicho kimenikosanisha na mama yangu mzazi, kimemtoa mdogo wangu ukucha wa kidole gumba cha mguu, na kimenifanya nilipie trei mbili za mayai ambayo sikuonja hata moja!

Agiza kahawa yako na kashata, vuta kibao, nikupe mkanda mzima.

ILIANZIA KIJIWENI

Pale mtaani kwetu kuna kijiwe chini ya mwarobaini. Ni kijiwe cha bodaboda, lakini na sisi tusio na pikipiki tunakaa, maana kuna bao na kuna maneno. Mdogo wangu, huyu wa kunifuata, alipomaliza kidato cha nne alizunguka na vyeti vyake mpaka soli zikaisha. Mwishowe akapata pikipiki ya mkataba. Unajua mkataba ulivyo: unapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, muda ukitimia chuma kinakuwa chako. Ukishindwa njiani, chuma kinarudi kwa mwenyewe na wewe unarudi kwenye bao.

Pikipiki yenyewe ilikuwa moja ya hizi za Kihindi tunazozijua wote. Upande wa kushoto, pedeli ya gia ina sehemu mbili: moja mbele ya sehemu ya kuwekea mguu, unaikanyaga kwa vidole, nyingine nyuma, unaikanyaga kwa kisigino.

Siku ya kwanza dogo anaingia kijiweni na chuma chake, masela wakacheka.

"Dogo, hiyo gia ya kisigino ya nini? Hiyo ya mabwana shamba!"

"Kata hiyo, chuma kikae kisporti!"

Na mimi, kaka mtu, badala ya kunyamaza, nikatia langu. Nikamwambia, "Kweli bwana mdogo, imekaa kama cherehani. Unaendesha pikipiki au unashona mashuka?"

Watu walivunjika mbavu. Mimi mwenyewe nilijiona mjanja kweli kweli. Dogo hakucheka. Kesho yake alikwenda kwa fundi mmoja wa pembeni, msumeno wa chuma ukapita, kisigino kikabaki chini kwenye mchanga. Chuma kikawa kisporti kama tulivyotaka.

MTEREMKO WA GOBA

Hazikupita wiki tatu. Jioni moja, mvua ya rasharasha, dogo amempakia mama mmoja mwenye genge, mama kashika trei mbili za mayai mapajani. Wanashuka mteremko kule Goba, gia iko juu kabisa, mbele kuna gari limesimama. Dogo anataka kurudisha gia ili injini imsaidie kushika mwendo.

Sasa sikiliza vizuri. Kwenye pikipiki ile, gia zote unapandisha kwa kukanyaga mbele. Kushusha ni kwa kukanyaga kisigino. Kisigino hakipo, tumekikata! Kwa hiyo inambidi apitishe vidole chini ya pedeli ya mbele, ainyanyue. Na mguuni ana nini? Ndala. Ndala imelowa. Akanyanyua mara ya kwanza, mguu ukateleza. Akanyanyua ya pili, ukucha ukanasa kwenye chuma, ndala ikabaki nyuma, gia haikushuka. Kwa woga akabana breki ya mbele yote, kwenye mchanga uliolowa.

Mengine malizia mwenyewe.

Mungu mkubwa. Mama wa watu alikuwa amevaa helmeti, alichubuka kiwiko na goti basi. Dogo ukucha ukang'oka wote. Mayai sitini, hakubaki hata moja la kuanguliwa.

Nilifika nyumbani usiku nikamkuta mama amekaa barazani, taa haijawashwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akakaa kimya kwanza. Halafu akasema, "Marahaba. Nasikia wewe ndiye uliyemwambia mwenzako akate kile chuma."

"Mama, ulikuwa utani tu."

"Utani wako una mguu wa nani?"

Msomaji wangu, nimesoma mpaka kidato cha nne, naandika gazetini, maneno nauza mimi. Siku ile sikuwa na jibu.

Ndiyo maana wiki nzima hii sikukaa kijiweni. Nilikaa kwa fundi, mzee mmoja aliyeanza kufungua injini kabla mimi sijazaliwa. Nikamwuliza maswali yote ambayo nilipaswa kuuliza kabla ya kufungua mdomo wangu. Haya ninayokupa leo ni mchanganyiko wa ya kwake, ya kusoma, na ya kujaribu mwenyewe kwenye chuma cha dogo.

KIMETOKA WAPI?

Kwanza tuelewane: kisigino si ufundi wa kizamani uliosahaulika kwenye pikipiki. Kimewekwa kwa akili.

Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, injini ya cc 49, gia tatu. Haina mkono wa klachi. Klachi inajishika na kujiachia yenyewe kwa mzunguko wa injini, na unapokanyaga gia, pedeli hiyo hiyo inaiachia klachi. Waliwawazia hata vijana wa kupeleka chakula kule kwao, ambao mkono mmoja unashika sinia la tambi, mkono mmoja tu ndio unaoendesha. Kazi zote za gia wakaupa mguu wa kushoto, na mguu ukapewa pedeli mbili: mbele kupandisha, nyuma kushusha. Hakuna kunyanyua kitu chochote kwa vidole. Kama umevaa kandambili, sawa. Kama umevaa viatu vya ofisini, sawa.

Pikipiki hiyo iliuzwa mpaka ikatia aibu nyingine zote. Ilipofika mwaka 2017, familia hiyo ya Super Cub ilikuwa imetimiza pikipiki milioni 100 zilizotengenezwa. Milioni mia, siyo mia! Sasa mtu anakuja kijiweni kukwambia kisigino ni kimeo?

Upande wa pili wa dunia, Marekani, kuna yale madude makubwa ya Harley-Davidson. Zamani gia zake zilikuwa za mkono pembeni ya tangi, na klachi ya mguu. Mwaka 1952 ndipo yale makubwa yalipoanza kuletwa na gia ya mguu. Yale ya safari ndefu hayana vyuma vyembamba vya kukanyagia, yana vibao vipana, mguu mzima unalala kama uko sebuleni. Mguu ukilala hivyo, kuuchomoa ili upitishe vidole chini ya pedeli ni usumbufu. Dawa yake ikawa kisigino. Na wale jamaa wa Harley, na majaketi yao ya ngozi na ndevu zao mpaka kifuani, hakuna anayewaambia wanashona mashuka!

Halafu India. Boxer na TVS nyingi zilizojaa kwetu zinatoka huko, na huko nako watu wengi wanaendesha na ndala kama huku. Pikipiki za kazi zikaja na kisigino chake kiwandani. Hata nyingi za Kichina zilizotangulia kumwagika mjini hapa zilikuja nacho.

UTAMU WAKE

Faida ya kwanza ni kiatu. Kwenye pedeli ya upande mmoja, kila gia ya kunyanyua inasugua juu ya kiatu chako, palepale penye kidole gumba. Moka yako umeipiga kiwi asubuhi, unafika kwenye usaili wa kazi kiatu kimoja kina kovu. Wale wa raba nyeupe ndiyo usiseme. Kwa kisigino, soli ndiyo inayofanya kazi, juu ya kiatu hapaguswi.

Ya pili ni mguu wenyewe. Kunyanyua kidole ni kazi ya kifundo cha mguu na msuli wa mbele. Kukanyaga ni uzito tu. Mtu aliyewahi kuumia kifundo, au mwenye vidole vibovu, kwake kisigino si urembo, ni mkombozi. Fikiria dereva wa bodaboda anayebadili gia kuanzia alfajiri mpaka saa nne usiku, foleni ya Mwenge, foleni ya Buguruni. Hesabu mwenyewe atanyanyua mara ngapi!

Ya tatu ni mvua. Masika ikianza, watu wanavaa mabuti ya mpira. Buti la mpira lina pua nene, pengine haliingii kabisa chini ya pedeli ya mbele. Likiingia halitoki. Kisigino hakijali umevaa nini.

Ya nne, kwa wanaojifunza: kukanyaga ni rahisi kuelewa kuliko kunyanyua. Mguu wa binadamu umezoea kukanyaga tangu siku ya kwanza alipoanza kutembea.

UCHUNGU WAKE

Sasa wenye kisigino msianze kuvimba vichwa. Nacho kina mabaya yake, na nayasema hapa hapa.

Kwanza kinakufunga mguu. Pedeli mbili zinafanya kama ua: mguu unakaa katikati, hauendi mbele wala nyuma. Safari fupi hujali. Jaribu kwenda Chalinze na kurudi, uone goti linavyolalamika kwa kukosa pa kujinyoosha.

Pili, mashimo. Mwenye pikipiki akikutana na shimo hunyanyuka kidogo kwenye kiti, anasimama kwa miguu. Ukisimama na kisigino chako kipo juu ya pedeli ya nyuma, uzito wako wote unashuka pale. Gia inabadilika bila ya wewe kutaka, na tairi la nyuma linashtuka. Kwa hiyo kwenye njia mbovu lazima usogeze mguu mbele kidogo kabla ya kunyanyuka. Wazoefu wanafanya bila kufikiri. Mgeni hajui mpaka imtokee.

Tatu, saizi ya mguu. Umbali kati ya pedeli mbili umepimwa na kiwanda, mguu wako hukupimwa. Mwenye kiatu namba 45 anajikuta kisigino kimelalia pedeli muda wote. Fundi wangu anasema kuegemea pedeli ya gia mfululizo kunakula vyuma vya ndani vinavyosukuma gia, na siku vikichoka gia zinaanza kuruka. Mwenye kiatu kidogo naye, kama dada zetu wengi, inabidi anyanyue mguu wote aupeleke nyuma, halafu aurudishe. Anachelewa.

Nne, kuanguka. Pikipiki ikilala kushoto, kile kipande cha nyuma kinaweza kupinda kikaegemea injini, pedeli ikagoma kwenda. Na matope ya uswahilini yanapenda kujazana hapo chini yake.

Dada zangu, na nyinyi nina neno. Kisigino cha pikipiki na kisigino kirefu cha kiatu haviongei lugha moja. Kile kisigino chembamba kinateleza pembeni ya pedeli au kinanasa nyuma yake. Viatu vya sherehe weka kwenye mkoba, vaa bapa, ukifika ukumbini unabadili. Hakuna atakayejua, na utaingia umependeza bila kuchechemea.

Kuna kundi moja ambalo kisigino hakiwafai kabisa: wale wa mashindano na wale wa kupanda milima na pikipiki ndefu za porini. Hao wanahamisha miguu kila sekunde, wanasimama, wanainama kwenye kona. Wao wanataka pedeli moja ya mbele, na buti gumu la kunyanyulia. Ndiyo maana pikipiki zao zinatoka kiwandani bila kisigino. Hapo ndipo masela wetu walipoiga. Waliona pikipiki ya mashindano kwenye video, wakadhani kukata kisigino ndiko kunakoleta mbio!

KANYAGA MBELE: INAPANDA AU INASHUKA?

Hapa tega masikio, maana ndipo watu wanapoumia.

Pikipiki zote hazina mpangilio mmoja wa gia. Kuna aina mbili kubwa. Aina ya kwanza, frii iko mwanzo kabisa. Kutoka hapo unakanyaga mbele: moja, mbili, tatu, nne. Kisigino kinarudisha. Nyingi za kazi ziko hivi.

Aina ya pili, frii iko kati ya gia ya moja na ya mbili. Moja unakanyaga mbele, halafu zote zilizobaki ni za kupandisha kwa kunyanyua, au kwa kukanyaga kisigino kama kipo. Yale madude ya Kimarekani yako hivi, na zile ndefu za porini pia, ila zenyewe hazina kisigino.

Umeiona hatari? Kisigino hicho hicho, mguu huo huo: kwenye pikipiki hii kinashusha gia, kwenye ile kinapandisha! Umezoea ya kwako, rafiki anakuazima ya kwake, unafika mteremkoni unakanyaga kisigino ukitegemea injini ikushike, kumbe umeiongezea gia. Au kinyume chake: uko kasi unataka kupandisha, unakanyaga mbele, kumbe umeshusha. Tairi la nyuma linalia, unabaki unamwita mama.

Kuna na aina ya tatu, ya wachache, ambayo gia zinazunguka kama saa. Ukifika ya mwisho ukikanyaga tena inarudi frii, ukikanyaga tena inaingia moja. Kwenye Honda zile ndogo mzunguko huo umezuiwa, unakubali ukiwa umesimama tu. Zipo pikipiki nyingine ambazo hazina kizuizi hicho. Kuingiza moja ukiwa kwenye kasi ya gia ya nne, ndugu yangu, usijaribu hata kwa utani.

Kwa hiyo ukipewa pikipiki usiyoijua, usione soo kuuliza. Iweke kwenye stendi ya kati, tairi la nyuma liwe juu, injini imezimwa. Zungusha tairi kwa mkono huku ukibonyeza gia, hesabu mwenyewe zinavyoingia na zinavyotoka. Dakika mbili tu. Dakika mbili za kuonekana mshamba, au wiki sita za kuonekana na plasta ngumu, chagua.

Na lingine: kwenye ile aina ya kwanza, ukishusha kwa kisigino usipige kama unaua mende. Ukizidisha unaangukia frii, injini haikushiki tena, na chuma kinateremka kama baiskeli iliyokatika cheni. Gia moja, achia klachi taratibu, sikiliza injini, ndipo nyingine.

KABLA HUJACHUKUA MSUMENO

Najua kuna mtu hapo amesoma yote haya na bado anasema, "Mimi hainikai tu." Haya, haujakatazwa. Ila fanya kwa akili.

Anza kwa kuirekebisha. Wengi wanaolalamika kwamba kisigino kinawasumbua, hawajawahi kukiweka sawa. Pedeli ya gia imeshikwa na bolti moja kwenye shafti inayotoka kwenye injini, na shafti hiyo ina meno madogo madogo kuzunguka. Legeza bolti hadi itoke, chora alama kwa chaki ili ukumbuke ilipokuwa, vuta pedeli, isogeze jino moja, rudisha, kaza. Ila kumbuka ni pembea: ukiinua mbele, nyuma inashuka. Kaa kwenye kiti ukiwa na viatu unavyovaa kila siku, siyo pekupeku. Vidole viingie juu ya pedeli ya mbele bila kukunja goti, na kisigino kifike nyuma bila kunyanyua mguu mzima. Halafu hakikisha pedeli haigusi injini wala chuma cha kukanyagia inapokwenda mwisho wake.

Tikisa na pedeli yenyewe. Ikicheza, ama bolti imelegea, ama meno yameshaanza kulika. Ikiachwa hivyo, siku moja utakanyaga na shafti itabaki imesimama.

Bado hutaki? Basi nunua pedeli ya upande mmoja inayoingia kwenye pikipiki yako, funga hiyo, ile ya zamani weka kabatini. Siku ukiuza, au ukiumia mguu, au mkeo akitaka kujifunza, unairudisha. Chuma kilichokatwa hakirudi, na kuunga kwa moto sehemu unayoikanyaga kutwa nzima ni kucheza bahati nasibu. Na ukishakubali kunyanyua gia kwa vidole, kubali na kuvaa kiatu cha kufunika. Ndala na gia ya kunyanyua havikai nyumba moja. Muulize mdogo wangu.

KWA HIYO KINAMFAA NANI?

Nikuambie kwa kifupi. Wewe wa bodaboda, wa foleni, wa abiria na mizigo: kinakufaa, kiache. Wewe wa ofisini mwenye viatu vya kung'aa: kinakufaa. Mwenye kifundo kibovu, na mzee anayekwenda shamba na gambuti: kinawafaa sana. Wewe mwenye mguu kama mtumbwi: kirekebishe kwanza, kikigoma badili pedeli. Mpanda milima na mtu wa mashindano: hakikuhusu. Na wewe unayetaka kukata kwa sababu masela wamecheka: hao masela watakuja hospitali na machungwa?

Maana mimi nilikwenda. Nilikwenda na machungwa, na aibu, na hela ya mayai. Yule mama wa genge nilimfuata nyumbani kwake nikamlipa trei zote mbili. Alizihesabu noti, akanitazama, akasema, "Mwanangu, mayai nimesamehe. Mwambie mwenzio avae viatu." Sasa hivi dogo ndiye anayempeleka sokoni kila alfajiri, hataki dereva mwingine.

Pedeli mpya, nzima, yenye kisigino, niliinunua mimi kwa hela yangu ya makala. Fundi mzee akaifunga. Dogo akapumzika mpaka kidole kikapona, tajiri akamvumilia baada ya mama kwenda kumpigia magoti. Mkataba bado unaendelea. Siku aliyorudi kijiweni na cherehani yake, masela walicheka tena. Safari hii mimi sikucheka. Nilisimama nikawaambia, "Huyu anashona mashuka, na nyinyi mtayalalia." Kimya kikatanda, bao likaendelea.

Jioni ileile mmoja wao, tena yule aliyepiga kelele kuliko wote, alinivuta pembeni ya duka. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Oyaa," akaninong'oneza, "hivi ile pedeli uliipata duka gani?"

Nilimwelekeza. Tena sikumcheka.

Haya msomaji wangu, kwa leo nafunga genge. Kama una kisa chako cha pikipiki, cha kiatu au cha mdomo uliokuponza kama wangu, niandikie kupitia kwa mhariri. Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutaongea habari ya wale wanaong'oa vioo vya pembeni eti vinaharibu shepu. Nao nimewawekea kiporo chao.

Mpaka wakati huo, vaa helmeti, vaa viatu, na kabla hujamcheka mwenzio uliza kwanza kile kitu kina kazi gani. Tchao!